Kampuni ya Kik Igol

Kijiwe chetu kiko Mirongo, Mwanza, pale basi la Sengerema linapokata kona na kututimulia vumbi kwenye kahawa. Kinaitwa Kijiwe cha Redandansi, na jina hilo hatukuliomba, tulipunguzwa kazi tu. Mwaka ule wa tisini na saba kila shirika lililouzwa lilituletea mjumbe. Ushirika wa pamba ulituletea Mzee Machibya, tunayemwita Waziri kwa sababu hajawahi kutamka neno "sijui". Kiwanda cha kuchambua pamba kilituletea Ngosha, aliyekuwa akipaka mashine grisi, basi tukamwita Injinia. Yeye na herufi R hawajawahi kuelewana. Shirika la simu lilituletea Venant, Mhaya mpole, miaka ishirini na miwili mtu wa telegramu. Mimi wananiita Taarifa, kwa ajili ya kiredio changu cha mfukoni ambacho hakizimiki tangu kitufe chake king'oke. Kinanyamaza tu betri zikidondoka, maana kifuniko cha nyuma kilishapotea, na zilikuwa zinadondoka kila nikipiga chafya. Dorcas ndiye mwenye birika la kahawa, na pale kijiweni ndiye peke yake mwenye kazi.

Jumatatu hiyo Venant alikuja na viberiti viwili, akavishika kama mtu aliyebeba mayai.

— Ndugu zangu, nimekwama.

Hapo lazima nieleze. Nyumbani kwa Venant kuna redio ya upepo ya kuwasiliana masafa, ambayo kipaza sauti chake kilishakufa, kompyuta kuukuu, na katikati yake kisanduku cha bati. Aliachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao. Kisanduku pacha kiko kwenye dispensari ng'ambo ya Busisi, kwa nesi Bernadeta. Bernadeta akiandika kule, kisanduku cha huku kinalia kama redio iliyokosa stesheni, halafu barua inajitokeza kwenye kioo. Stempu hakuna, posta hakuna. Mwaka mzima wameandikiana hivyo, mjane na mgane, na sisi tulijua barua imeingia kwa jinsi Venant alivyokuja amechana nywele.

Barua ya mwisho alikuwa ameinakili kwenye karatasi: "Nimepata uhamisho wa Ngara. Kama una neno la kunizuia, nilipate kabla Jumamosi haijachwa. Jumapili asubuhi naondoka." Venant akakaa mbele ya kioo akitafuta namna ya kujibu. Akatafuta mpaka radi ikapiga. Kisanduku kilibaki kizima, ila chipu yake, ile yenye akili, iliungua.

— Na neno la kumzuia unalo? Dorcas akauliza.

— Ninalo.

— Refu?

— Herufi nne. "Baki."

Dorcas akammiminia kahawa ya bure, jambo ambalo hajawahi kunifanyia mimi.

Venant akafungua viberiti. Kila kimoja kilikuwa na kidude cheusi chenye miguu mingi ya chuma kama tandu. Kimoja kilitoka duka la vitu vya Dubai. Cha pili alikituma fundi Adongo wa Musoma, na mgongoni kilibandikwa kikaratasi cha kung'aa chenye maandishi ya kalamu.

— Miguu yake laini, akasema. Ukichomeka ukachomoa mara mbili inakatika. Lazima nichague moja, nyingine nirudishe ingali nzima. Hii ya Adongo ameichoma mwenyewe, programu yake, anasema ni nzuri kuliko ya kiwandani.

— Ameichoma? Ngosha akashtuka. Kwenye nini, mkaa au kuni?

— Kuchoma ni kuandika programu ndani ya chipu, Injinia.

— Basi aseme ameandika! Hiki kimekaushwa kama dagaa. Moto wa mkaa na moto wa kiwandani haulingani, mimi nimefanya kazi kiwandani.

— Jogoo wa shamba hawiki mjini, Waziri akaunga mkono. Chipu ya Musoma itaongeaje na hewa ya Mwanza? Lakini tusihukumu. Tuangalie kwanza imetengenezwa wapi. Taarifa, wewe una macho, soma hapo.

Nikasoma: KIK IGOL.

— Bulgaria, akasema Waziri bila kupepesa.

— Bulgaria, mzee?

— Kik Igol. Ushirika ulikuwa na matrekta yao miaka ya sabini. Kampuni imara kabisa. Sasa nasikia nayo imebinafsishwa.

— Mimi nasema Mjapani, akasema Ngosha. Kik, Igol, Yamaha. Si unasikia zinavyofanana?

— Lakini mama Adongo ndiye aliye...

— Adongo ni wakala tu, Venant. Siku hizi kila mtu wakala.

Basi la Sengerema likakata kona, likapiga honi. Waziri akafunika kikombe kwa gazeti, akalisubiri vumbi litue, akaendelea.

— Swali langu ni moja. Hii kampuni inaficha nini chini ya hiki kikaratasi? Tuko zama za uwazi na ukweli. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Mzee, methali hiyo si ya mambo ya chipu, akasema Dorcas.

— Mama, methali ni ya umma.

Ngosha akainua pembe ya kikaratasi kwa ukucha. Kikagoma. Akaja mwingine akakimalizia, sitasema ni mkono wa nani. Chini yake, aisee, kulikuwa na kidirisha! Kioo kidogo cha duara, na ndani yake kitu kinametameta.

— Mmeona? Waziri akapiga goti lake. Dirisha! Nyumba yenye dirisha lililozibwa, waliomo ndani wanapumua nini?

— Hewa inahitajika, Ngosha akathibitisha. Ndiyo maana kampuni zile zinakufa.

Venant akasema kwa sauti ndogo kwamba labda tukirudishe. Tukamwambia penye wazee haliharibiki neno. Dorcas akatoa glasi, chipu ikawekwa ndani, glasi ikawekwa ncha ya benchi, juani, ili kila mwananchi aione kabla ya uamuzi. Kikaratasi chenyewe hakikuonekana tena. Vitu vidogo hupotea kijiweni.

Jumanne tukaunda tume. Jumatano tume ikaomba muda. Alhamisi Waziri akasoma ripoti ya mdomo: chipu ya Dubai ina sura nzuri ila chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na ile ya Dubai ilitembezwa mpaka mlangoni kwa Venant. Ngosha akasema hapana, mwenye duka la Dubai ni shemeji yake. Tukagombana kwa mabirika mawili mazima. Venant alikuwa anakuja, anaitazama glasi inavyong'aa kwenye jua, anauliza:

— Bado?

— Haraka haraka haina baraka, Venant.

— Lakini Jumamosi...

— Demokrasia inachukua muda, mdogo wangu.

Siku hiyohiyo Dorcas alinitazama kwa jicho la pembeni.

— Taarifa, siku hizi redio yako haidondoshi betri?

— Nimeitengeneza, nikasema, nikabadilisha mazungumzo.

Ijumaa asubuhi Ngosha akasimama.

— Yatosha! Tupige kula!

— Mle nini? Dorcas akauliza. Hapa kuna kashata tu.

Kura zikapigwa. Adongo wa Musoma akashinda, kura mbili kwa moja, ya Dubai ikarudishwa dukani ikauziwa mwingine papo hapo, na aliyeshindwa akadai uchaguzi haukuwa huru. Venant akakimbia nyumbani na glasi mikononi. Nusu saa hivi akarudi amebeba kisanduku chenyewe, uso umemshuka.

— Taa zote zimewaka na hazizimiki. Hakiongei. Nimemkimbilia kondakta wa basi la Musoma, nimempa ujumbe kwamba Adongo aje.

Usiku ule sikulala vizuri, na sababu nilikuwa nayo. Jumamosi tukakutana mapema kuliko kawaida, maana tatizo sasa lilikuwa la kitaifa. Kisanduku tukakiweka katikati ya benchi, chipu tukaichomoa ikavunjika mguu mmoja, tukairudisha kwenye glasi.

— Kinataka glisi, akasema Ngosha. Mashine ikigoma, hata iwe ya kunyolea, inataka glisi.

— Grisi kwenye umeme, Injinia?

— Kidogo tu. Kwenye bawaba.

— Tatizo si mashine, akasema Waziri. Barua hizi zinapita hewani, sivyo? Nani ana hakika kwamba hewa bado ni ya umma? Mimi nasema yuko mwekezaji amenunua hewa yote kuanzia Kigongo hadi Ukerewe. Barua ya Venant imefika nusu ya ziwa, imeambiwa ionyeshe leseni.

— Au magugu maji, akasema Ngosha. Yamejaa ziwa zima. Mawimbi yamenasa humo kama nyavu.

Na mimi, Mungu anisamehe, sikutaka kupitwa.

— Je, sangara? nikasema. Sangara amekula furu, amekula ningu, amekula gogogo, sasa anakula watoto wake mwenyewe. Mawimbi ya redio atayaacha kwa heshima gani?

Nilijua nimewapiga bao, na kwa muda nikafurahi. Halafu nikamwona Venant. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameshika ile karatasi ya barua, ameikunja na kuikunjua mpaka imechanika katikati. Jamani, nilimwonea huruma.

Jua lilikuwa limeshapinduka alipotokea mama mmoja mnene, begi begani, bisibisi zimechomoza mfukoni.

— Hamjambo hapa? Shikamoo mzee.

— Marahaba, akajibu Waziri. Wewe ndiye wakala?

— Mimi ni Adongo, fundi. Venant yupi?

Venant akainuka, akampa glasi. Adongo akaitazama chipu, akaigeuza, akatutazama mmoja mmoja.

— Imekaa hivi, dirisha wazi, tangu lini?

— Tangu Jumatatu.

— Juani?

— Juani, mama, akasema Ngosha kwa fahari. Ipate hewa.

Adongo akashusha begi.

— Chipu ya namna hii inafutwa na mwanga wa jua. Ndiyo kazi ya hilo dirisha: ukitaka kufuta, unaliachia mwanga. Usipotaka, unaliziba. Mimi niliziba. Na juu yake nikaandika.

— Uliandika jina la kampuni, akasema Waziri.

— Kampuni gani?

— Kik Igol. Ya Bulgaria.

Adongo akaiweka chipu kwenye benchi.

— Mzee wangu, kik igol ni Kijaluo. Maana yake, "usitoe".

Waziri akakohoa.

— Hata Bulgaria Wajaluo wapo, akasema, lakini kwa sauti ya chini.

— Nani alibandua? Adongo akauliza.

Ngosha akatazama mawe ya mlimani. Waziri akafungua gazeti, akalisoma juu chini. Mimi nikabana mfuko wa koti kwa kiwiko, redio isisikike.

— Unaweza kuichoma tena? akauliza Venant.

— Mashine ya kuchomea iko Musoma. Jumatatu.

— Jumatatu atakuwa Ngara.

Venant akakaa chini, si kwenye benchi, chini kabisa kwenye vumbi. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Dorcas akatugeukia, birika mkononi, na nikadhani atatumwagia.

— Penye wazee haliharibiki neno! Neno lenyewe la herufi nne, na mmeliharibu!

— Neno gani? Adongo akauliza.

— Baki, akasema Venant kutoka chini.

— Baki tu? Hakuna kingine?

— Hakuna.

— Na huyo wa kuambiwa yuko wapi?

— Ng'ambo ya Busisi, njia ya Sengerema.

Basi la Sengerema likakata kona, likapiga honi. Waziri akafunika kikombe chake kwa gazeti kama kawaida. Adongo akalitazama basi, akatutazama sisi, akarudi kwa basi.

— Sasa herufi nne zinahitaji mashine ya nini?

Waziri akafumbua mdomo. Akaufumba. Nilimwona kwa macho yangu neno "sijui" likimfika kwenye meno na kurudi.

— Ana kwa ana maneno hunikwama, akasema Venant.

— Likikwama ataliona kooni, akasema Dorcas. Inuka, baba! Nenda hivyohivyo na kandambili zako!

Venant akainuka. Alisimama katikati ya barabara, mikono ameitandaza kama anafukuza ng'ombe, basi likafunga breki likamkaribia kifuani. Konda akamtukana tusi la kiume, kisha akamfungulia mlango. Likaondoka. Vumbi lote tukalila sisi, na safari hii hakuna aliyefunika kahawa.

— Tungemshauri akae upande wa dereva, Waziri akasema. Jua.

— Tupige kula, akasema Ngosha. Atakubaliwa, hatakubaliwa?

Dorcas akageuza birika juu chini. Halikutoa hata tone.

— Kivuko cha mwisho kinaondoka saa kumi na mbili, akasema Adongo, wasiwasi umemwingia. Atawahi kweli? Saa hizi ni saa ngapi?

Wote wakanigeukia. Kijiweni pale saa ni mimi.

— Taarifa, saa ngapi?

— Betri zimekufa, nikasema.

Na humo humo mfukoni, tena kwa sauti safi isiyokatika, ikalia ile milio ya redio ya kutangaza saa, tu, tu, tuu, na mtangazaji akasema sasa ni saa kumi kamili alasiri.

— Saa kumi! Dorcas akapiga makofi. Saa mbili nzima! Atavuka!

Ngosha akacheka, Waziri akacheka, hata mimi nikacheka kidogo. Adongo hakucheka. Alikuwa amenyoosha mkono.

— Lete hiyo redio, akasema. Igeuze nyuma.