Shujaa Mwenye Sura ya Baba

Bajaji ilipoondoka Majengo, Benigna, mjane aliyekaa mlangoni, alikuwa anasali rozari, ila masikio yake yalikuwa kwa abiria wenzake wawili.

Kijana wa katikati alikuwa akimwonyesha mama aliyepakata kuku kitabu cha katuni alichokichora mwenyewe. Shujaa wake alipaa usiku juu ya mashamba ya tumbaku, akiwalinda wakulima.

"Anapaa usiku?" mama wa kuku akauliza. "Kwetu Namtumbo wanaopaa usiku tunawajua, mwanangu, na si walinzi."

"Huyu ni mtu mwema, mama. Vitabu vyake ni vinne tu. Hiki cha mwisho ndicho ninachopeleka kuchapisha. Humu anakufa akiokoa kijiji."

Mama akaukazia macho uso wa shujaa. "Na sura hii umeitoa wapi?"

"Ya baba yangu. Nilitaka kumpa heshima."

"Marehemu?"

"Hapana, yupo nyumbani Ruhuwiko. Anaumwa kidogo tu."

Benigna akaacha kusali. Heshima ya kumzika mtu angali anakula ugali hakuwahi kuisikia, hata kanisani.

"Unamchulia baba yako!" mama wa kuku akang'aka. "Mpe shujaa wako sura nyingine."

"Mama, hii ni katuni tu."

"Basi jichore wewe ufe, tuone kama utacheka."

Kijana akacheka, lakini peke yake. Bajaji ikasimama mbele ya duka la kuchapisha.

"Umefika, kaka," dereva akasema.

Ili kijana ashuke, ilibidi Benigna ampishe. Benigna akaishika rozari yake vizuri, wala hakunyanyuka.