Siku Tisa, Usiku Kumi na Moja

Mtu akikwambia Buffalo watu hawakai nje wakapiga soga, ujue hajapita Grant Street Jumamosi asubuhi, mbele ya londri ya kona, pale penye benchi refu la kanisa. Kanisa lilinunua viti vipya, benchi likatupwa, na Askofu na Ramani wakalibeba mabegani mpaka pale wakalitua kama lililoletwa na serikali. Askofu si askofu. Ni Bulonza, mtu wa Uvira, anafunga maboksi ghalani wiki nzima, ila kanisani akishika kipaza sauti hakiachi, ndipo watu wakampa cheo. Ramani ni Zéphyrin wa Bukavu, anazijua barabara zote za dunia kupitia simu yake, na yeye ndiye mwenye chupa ya kahawa ya tangawizi. Wa tatu ni Mzee Methodi, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, mpole, mtu wa kukubali. Na kwenye ncha ya benchi, nguo zake zikizunguka ndani ya mashine, hukaa mkewe Kostansia, ambaye wote wanamwita Mama Jovini. Yeye huja kufua. Maneno huwaachia wenyewe.

Jumamosi hiyo alikuwa na lake moyoni. Watoto wao wawili, Jovini wa Louisville na Angelika wa kule Whitehall, Columbus, walichanga wakawakatia wazazi tiketi za Paris, na gari la kukodi siku tisa, kwa sababu ndoa yao imetimiza miaka arobaini. Wazunguke mashambani polepole, walale kijiji hiki, kesho walale kile. Angelika alimwonyesha mama yake kwenye simu nyumba moja ndogo ya mawe, kando ya mto, huko kusini. Tangu hapo wiki tatu Kostansia alikuwa akiitazama kituoni akisubiri basi la kwenda kazini, kwa wazee wake anaowaogesha na kuwalisha. Alikuwa bado hajamwonyesha Methodi. Alikuwa anangoja aulizwe.

— Bon, akasema Ramani, akapasua kartoni ya sabuni na kutoa kalamu yake ya bic. Tufanye programu. Mutashuka Paris asubuhi. Usiku wa kwanza mutalala wapi?

— Watoto wamesema hoteli ndogondogo za mashambani, akasema Methodi.

Askofu akaweka kikombe chini.

— Hoteli? Muzee, uko na bantu Ufaransa, halafu unalala hoteli?

— Watu gani?

— Ndugu yangu Nshombo si muntu? Iko Lille, na bibi yake Chimène. Akisikia mulitua Paris mukampita, mimi nitaweka wapi hii uso?

— Lille iko juu, akasema Ramani. Bazee banaenda chini.

— Juu njo nini? Unaanza kwa ndugu, unapata baraka, kisha unashuka. Andika.

Ramani akaandika: Lille.

Kostansia akakunja soksi. Usiku wa kwanza, akajisemea, si neno. Alijua Askofu anasema nini, maana kwao hakuna kosa kama kupita. Mwaka ule wa harusi ya Jovini, Methodi alichoka akaamua waendeshe moja kwa moja kutoka Buffalo hadi Louisville, na Columbus wakaipita bila kusimama. Kanyana, binamu yake Methodi, anakaa Whitehall hatua chache tu kutoka barabara kuu. Akaona picha za harusi, akahesabu masaa, akajua. Akapiga simu: "Mlipita kama upepo! Hata honi hamkupiga?" Miaka miwili hakuwasalimu. Toka siku hiyo, kila safari Kostansia hulala kwa Kanyana juu ya godoro la sebuleni, na kabla ya kulala hupika, na alfajiri huamka kupika tena, maana jamaa wa pale wakisikia amefika huja wote.

— Na nilisoma na mutu moja, akasema Ramani, Elie, tulikaa banc moja, sasa iko Rennes. Haiko mbali.

— Si mbali wapi? akauliza Methodi. Kutoka Lille?

— Muzee, sikiliza hesabu. Ufaransa inaingia ndani ya Congo mara nne. Mara nne! Mimi nilitoka Bukavu kwenda Uvira kwa lori, siku mbili, juu ya barabara mubaya. Kule barabara iko kama meza. Donc, ndogo mara nne, na muzuri mara kumi. Ukikanyaga kidogo tu umeshafika baharini, unaanza kutafuta breki.

— Kweli kabisa, akasema Askofu, ambaye hajawahi kukubaliana na Ramani kitu chochote isipokuwa hicho. Lakini na kwa Elie basilale usiku moja. Usiku moja ni matusi. Mugeni wa usiku moja anaonekana alikimbia chakula.

Ramani akaandika: Rennes, mbili. Kisha akarudi juu, pale Lille, akaandika: mbili.

Nne zimekwenda. Kostansia akanyanyua kidole cha tano akakitazama.

— Mama Jovini hasemi kitu, akasema Askofu. Mama, utabebea Chimène sombe ya kukausha, majani ya muhogo ya kwetu, nitakuletea. Na kitenge cha mama yake. Na sufuria.

— Sufuria, Askofu?

— Ndogo. Inaingia ndani ya valise, unaweka nguo ndani yake.

— Mimi nilidhani, akasema Kostansia taratibu, tungelala kwanza kwenye vile vijiji. Kuna nyumba za mawe.

— Mawe! Askofu akageuka mzima mzima. Mama, zile nyumba unajua zilikuwa za nani? Mia tatu ya miaka! Bantu bote bamekufia ndani. Unalala, chini yako kuna mapadri bamepangwa kama samaki.

— Na mashambani kule, Ramani akaongeza, jikoni inafungwa saa nane. Umechelewa dakika moja, umefunga saumu mpaka jioni. Hata ulie. Wanakuonyesha saa tu.

— Na polisi je? akadakia Askofu. Muzee na Mama, bantu beusi, pasipoti ya Amerika, bako pekee yabo ndani ya kijiji. Batakuuliza: "Munaenda kwa nani?" Utajibu nini? "Hatuendi kwa muntu"? Muntu haendi kwa muntu ni muntu amefukuzwa! Batapiga simu Burundi kuuliza mulifanya nini.

Benchi likacheka, na Kostansia naye akacheka, kwa sababu Askofu akisema amefukuzwa hutumbua macho kama aliyefukuzwa yeye. Watu hawa aliwapenda. Alipolazwa kwa nyonga mwaka juzi, Askofu alikuja hospitali kila siku akitoka ghalani, akamwombea kwa sauti mpaka muuguzi akafunga mlango. Ndiyo maana ilikuwa vigumu. Angekuwa adui anayemchukulia usiku wake, angejua la kusema.

Kisha Methodi akakohoa.

— Na Lyon, akasema. Yupo Gatsinzi. Kambini tulijenga naye nyumba ya tope, yake na yangu, zimeegemeana. Siwezi kumpita Gatsinzi.

— Huyo njo muntu! akasema Askofu. Tatu.

— Tatu, akasema Methodi. Na mwisho turudi kwake tuage, moja.

Kostansia akamtazama mumewe. Si kwa hasira. Alimtazama kama unavyotazama mlango uliodhani umeuacha wazi.

Ramani akahesabu kwa bic. Lille mbili, Rennes mbili, Lyon tatu, kuaga moja. Nane. Bado moja. Moyo wa Kostansia ukasimama pale penye moja.

— Toulouse! Askofu akapiga paja. Mariya, binti ya pasta wetu wa zamani! Alizaa mapacha, hakuna mukubwa hata moja alienda kubashika. Mama Jovini akipita bila kushika mapacha, ile ni laana. Tatu.

— Zinakuwa kumi na moja, akasema Ramani. Siku ni tisa.

— Waongeze siku.

— Tiketi haiongezwi.

Hapo walikuna vichwa. Ramani akamimina kahawa, akatazama kartoni, akaigeuza kichwa chini miguu juu, kisha uso wake ukang'aa.

— Nimepata. Muzee na Mama bana-gawanyika. Minasema hivi: Muzee anaacha Mama Toulouse kwa mapacha, yeye anaenda Lyon kwa Gatsinzi. Usiku moja, nyumba mbili! Siku mbili tu bakifanya vile, hesabu inatimia. Kila muntu amesalimiwa.

— Ee! akasema Askofu, na kwa mara ya kwanza alimtazama Ramani kwa heshima. Hiyo ni akili ya ministre.

Wakati huo huo akatoka ndani ya londri dada mmoja amebeba kapu la nguo mbichi, mashine ya kukaushia imemgomea. Ni Spés, Mrundi, amehamia mtaa wa Riverside kutoka Louisville mwezi huu huu, benchi lilikuwa linamjua kwa sura tu. Akapiga goti kidogo.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitikia Methodi na mkewe, na Wakongomani wakasema "Jambo", maana shikamoo kwao haikuzoeleka.

— Karibu, dada, kaa, akasema Ramani. Tunapanga safari ya bazee. Miaka makumi ine ya ndoa! Ona.

Spés akaipokea kartoni, akaisoma kwa kidole, mji kwa mji, kama mtu anayesoma jina la dawa. Akafika chini. Akarudi juu.

— Ni nzuri, akasema. Sasa Mama yeye alitaka kulala wapi?

Ramani akafungua mdomo. Akaichukua kartoni, akaitazama upande wa mbele, akaitazama upande wenye picha ya sabuni. Askofu akamtazama Methodi. Methodi akatazama mikono yake. Ndani mashine zilikuwa zinazunguka, na lori la mikate likapita.

— Sijui, akasema Methodi mwishoni. Sijamuuliza.

Kisha akageuka pale pale kwenye benchi, goti likagusa goti la mkewe.

— Mama Jovini. Ulitaka kulala wapi?

Kostansia alikuwa ameyapanga maneno wiki tatu, na sasa hayakuja kwa mpango.

— Mimi nimelala kwa watu tangu nina miaka sita, akasema. Kambini tulilala kwa watu. Tukaoana, usiku wa harusi yetu nyumba ilikuwa na wageni kumi na wawili, unakumbuka? Ulilala mlangoni. Mimi sikulala, nilikuwa nakoroga uji. Tukaja Amerika, wageni wakaja, wakakaa, tukawapenda. Nikienda Whitehall ninapika, nikienda Louisville ninapika. Sinung'uniki, Mungu anajua. Lakini kuna nyumba nimeiona. Asubuhi mwenyewe anakuletea mkate, anauacha mlangoni, anaondoka. Anaondoka, Methodi! Hana hata haja ya kusalimiwa. Nataka niamke, niwe sina mtu wa kuuliza ameamkaje. Isipokuwa wewe.

Methodi alinyoosha mkono kwa Ramani, akapewa kartoni, akaomba na bic. Akafuta Lyon, ya mwisho, ile ya kuaga. Akafikiri. Akafuta Lyon ya kwanza. Toulouse na Rennes akazifuta kwa mstari mrefu. Alipofika Lille akasimama, akamtazama Askofu.

— Mpigie Nshombo.

— Nimwambie nini?

— Kwamba tutapita.

— Muzee, ile neno mimi siwezi kuitamka. Kwa ndugu ya damu? Chukua simu, sema mwenyewe.

Methodi akaishika simu ya Askofu, akaiona inaita, akashindwa naye. Kostansia ndiye aliyeichukua mkononi mwake. Sauti iliyopokea ilikuwa ya Chimène, na Askofu akainama akabonyeza ili wote wasikie, maana hayo hayakuwa mambo ya kusikilizwa na mtu mmoja.

Walisalimiana kama inavyotakiwa. Watoto, kazi, baridi, miguu ya mama mkwe.

— Mama, tunabangojea! akasema Chimène. Shemeji Bulonza alishatuambia mutakuja mwezi wa sita. Nimeshaambia watoto batalala chini, chumba ni ya wageni.

— Chimène, mwanangu. Hatutalala kwenu. Tutapita.

Askofu akafumba macho.

— Mutapita? Munaenda kwa nani?

— Hatuendi kwa mtu. Tumepata nyumba mashambani. Mimi na Mzee.

Kikasikika kifuniko cha sufuria kikitua, kisha mlango ukifungwa, kisha Chimène akarudi, sauti yake imeshuka ikawa ndogo.

— Mama. Na nani atapika?

— Hakuna.

— Hakuna kabisa?

— Tukisikia njaa tutakula mkate. Tusiposikia, tutakaa.

— Miaka kumi na ine niko hapa Ufaransa, akasema Chimène. Tunatoka tunaenda kwa shemeji, tunatoka kwa shemeji tunaenda kwa mujomba. Hiyo mahali unasema, mimi sijaionaka. Mama... iko na chumba ya pili?

Askofu alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu zote, ndiyo, ndiyo, sema ndiyo. Ramani alikwisha shika bic. Spés alikuwa amesahau nguo zake mbichi mapajani, maji yanamlowesha sketi. Methodi alimtazama mkewe tu, kwa mara ya kwanza bila kumjibia.

— Hapana, mwanangu, akasema Kostansia. Chumba ni kimoja.

Akangoja kidogo, kisha akaisogeza simu karibu na mdomo, kama mtu anayemwambia mwenzake siri ya jikoni.

— Lakini si Nshombo ana gari? Mwambie atafute nyumba yenu, nyinyi wawili tu.