Hildegarda Simoni na Chupa za Mayai, 1933–1976

"Chupa hizi alizipanda nani?" Swali hilo liliulizwa na daktari mgeni tarehe 9 Machi 1971, katika maabara ya hospitali ya misheni, Kilosa, wote wakanyamaza, naye marehemu, aliyekuwa kwenye mlango wa nyuma akichemsha vifaa, alisubiri atajwe, hakutajwa.

Ndugu waombolezaji, Hildegarda alizaliwa Kisanga tarehe 2 Mei 1933, akasoma shule ya misheni, ambako aliwashinda wavulana kwa hesabu na bado wakaendelezwa wao, akaanza kazi ya maabara huko Kilosa Januari 1952. Tarehe 14 Agosti 1954 alifunga ndoa na Wenceslaus, fundi wa reli, wakajaliwa Ida na Filipo, wakahamia hapa Mikumi mwaka 1962.

Mwaka 1968 wagonjwa wa kifua kikuu walichomwa sindano miezi na miezi wakaendelea kukohoa, wakasingiziwa kwamba wanatoroka dozi, marehemu akakataa. Alipanda makohozi yao katika chupa mbili za mayai yaliyogandishwa kwa moto, moja bila dawa, moja yenye dawa, akangoja wiki sita, na vimelea vikaota kote kuwili kama makombo ya mkate, maana yake iliyoshindwa ni dawa, si mgonjwa. Mayai ni ya kuku wake, aliyapakata kwenye treni ya Kilosa kila Jumatatu, wanawe wakala mchicha na kuwaonea wivu wadudu, mumewe naye akinuna, "Mwenzangu kazaa tena, safari hii kwenye chupa!"

Baada ya kimya kile, aliyepelekwa masomoni Dar es Salaam ni Melkizedek, kijana wa maabara aliyekuwamo siku ile, ambaye marehemu ndiye aliyemfundisha kushika chupa. Wivu ulimwingia marehemu, na familia haiufichi, kwa kuwa anayelilia chake haitwi mchoyo. Kila aliposikia habari zake aliuliza, "Ati siku hizi ana koti jeupe? Na kulifua alifundishwa na nani?"

Aprili 1976 kifua kilimshika yeye mwenyewe. Melkizedek, sasa mkuu wa maabara, aliyapima makohozi yake kwa mkono wake, akamletea jibu kitandani: vimelea ni sugu. Marehemu hakulia, aliuliza tu, "Chupa isiyo na dawa uliiweka?" Akajibiwa, "Niliiweka, mwalimu." Miaka yote ile hakuwahi kumwita hivyo, na siku alipomwita, chumbani walikuwa wao na Ida tu. Alifariki tarehe 21 Agosti, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumwogopa, majirani wa kijiji chetu cha ujamaa kwa maji na kuni, na wafanyakazi wenzake waliosafiri kutoka Kilosa.

Mama, pumzika kwa amani, na amani hiyo isipungue kitu. Kwa hiyo, ndugu Melkizedek, tunakuona hapo mstari wa pili, shikamoo, tunakuomba kabla jeneza halijafungwa usimame, ujibu lile swali la daktari mgeni.