Presha ya Vaileth

Kama hukuwahi kungoja nguo siku ya Jumamosi pale kwa mashine za kufulia, barabara ya Ruti Saba, Falls Church, huku ughaibuni, basi hujui bunge letu lilikuwa wapi. Nje ya mlango kulikuwa na benchi la mbao, mguu mmoja umeinuliwa kwa kipande cha tofali, na juu yake tuliumaliza mwaka mzima wa tisini na nane. Thamosi ya kahawa ya tangawizi ilikuja na Cosmas, dereva wa ubalozini, tuliyemwita Balozi ingawa hajawahi kuwa balozi hata wa nyumba kumi. Daktari alikuwa Venuste wa Uvira. Kazi yake ilikuwa kuogesha wazee, matibabu aliyatoa kwa mdomo. Serah wa Nakuru aliendesha basi dogo la uwanja wa ndege, tukamwita Beltwei, kama ile barabara kuu inayozunguka jiji. Mimi ni Bena, ila kwa sababu ya midahalo yangu pale chuoni Annandale waliniita Wakili. Jumamosi ile ya Aprili, Mama alikaa katikati yetu na barua ya daktari wa kweli.

— Presha, alisema Mama. Vaile ana miaka kumi na miwili, ana presha ya mtu mzima. Uzito umezidi, chumvi imezidi. Wamenipa wiki sita; isiposhuka, vidonge. Mimi nimeshaamua. Shule zikifungwa Juni anakwenda kwa bibi yake Sumbawanga. Akae hukohuko.

— Umenena, Mama Bena, akasema Balozi akimimina kahawa. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.

— Huyo wa methali aliondoka ngamani kwanza, Balozi, nikamwambia. Mdogo wangu kazaliwa hapa! Sumbawanga haijui. Kiswahili anakisikia, anajibu Kiingereza. Ataongea nini na bibi?

— Na ni bibi huyohuyo, nikaongeza kabla hawajanijibu, aliyeiona picha ya Krismasi akaandika kwamba mjukuu amenawiri, Mungu mkubwa?

Mama akainamisha uso. Picha ile aliituma yeye, kwa fahari, Vaile amesimama pembeni ya friji.

— Na chumvi nimeshaiondoa, akajitetea. Akafungua mkoba, akatoa kopo zima la chumvi la jikoni kwetu. — Natembea nalo. Kazini naenda nalo, narudi nalo. Nyumbani hakuna hata punje.

— Woi! Serah akapiga makofi. Polisi akikusimamisha na hiyo unga nyeupe kwa mkoba, utamshow nini?

Mimi sikucheka. Nilisimama.

— Mama, chumvi anayokula Vaile haimo humo! Imo kwenye pizza ya barafu, kwenye soseji, kwenye zile tambi za pakiti. Kile kipakiti cha unga wa mchuzi peke yake ni zaidi ya nusu ya chumvi ya siku ya mtu mzima. Nimesoma nyuma ya pakiti!

— Kaa chini, Wakili, hakimu hajaingia, alisema Balozi. Tambi hazina kosa. Kosa ni la barabara. Januari hamyaoni malori yanamwaga chumvi? Theluji ikiyeyuka, ile chumvi inakwenda wapi? Kwenye bomba! Mtoto akioga tu, ameshakolea. Haba na haba hujaza kibaba.

— Basi mimi ninayeshinda kwa hiyo barabara ningekuwa omena, hizo dagaa zenu, saa hii, akajibu Serah. Shida ni basi ya shule. Inamtoa mlangoni, inamrudisha mlangoni. Mimi nilikuwa natembea kilomita sita, viatu kwa mkono ndio zisiishe.

— Hilo lina dawa, akasema Balozi. Apande ngazi na mzigo. Wahenga walisema, asiye na mwana aeleke jiwe.

— Mama anaye mwana! nikadakia.

— Ndiyo. Basi mwana ndiye aeleke jiwe.

Daktari akaweka kikombe chini.

— Bon, munisikilize. Mwili iko na akili. Baridi ya hapa inaidanganya, inasema njaa inakuya, njaa inakuya. Basi mwili inaficha chumvi sawa panya. Kisha mutoto anakaa mbele ya televizyo. Ile mwangaza ya bluu inavuta chumvi yote mu damu.

— Nani kakwambia? nikamuuliza.

— Mimi nilishaona.

Tukamzomea, naye akacheka, halafu sauti yake ikashuka.

— Lakini chumvi ya kwetu ilikuwa ingine. Ya Uvinza. Ilikuwa inavuka ziwa mu mifuko.

— Uvinza! Balozi akageuka mzima. Ya kijivu, ina madonge. Mama yangu aliitia kwa vidole vitatu, akaonja kiganjani, basi. Chakula kikishafika mkekani nani angeongeza?

— Ungeongeza saa ngapi? Tulikuwa tunakulaka batoto munane mu sahani moja. Ukichelewa, unalamba vidole.

— Na nyama haiguswi, alisema Serah. Shosho, mama ya baba, ndiye anagawa. Ukinyoosha mkono mapema, kofi.

— Sisi tulinawa kwenye bakuli moja, akasema Mama. Wa mwisho alinawa matope.

Akacheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi, siku aliyopewa ile barua. Kwa muda hatukuwa Falls Church. Hata mimi, niliyetoka Sumbawanga na miaka minane, nilisikia harufu ya maharage ya moshi. Hasira yangu ikapoa, nami nikachukia kupoa kwake, maana niliona jinsi tiketi ya mdogo wangu inavyokatwa: kwa utamu wa maneno ya watu wazima.

— Mkeka huo umeshakunjwa, nikasema. Bibi siku hizi anaishi na redio. Mnampeleka mtoto kwenye kumbukumbu zenu.

Hapo ndipo Mwatumu alipotokeza mlangoni, sweta mbili mwilini, sabuni mkononi. Alikuwa mpwa wa mtu wa ubalozini, ana wiki mbili nchini. Alitaka kuuliza sabuni inatiwa tundu lipi, akanasa kwenye mazungumzo.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Samahani, huyo mtoto mnayemsema. Hula na nani?

— Namwachia kila kitu kwenye friji, mwanangu, Mama akasema. Anapasha tu.

— Ndiyo, mama. Lakini hula na nani?

Zamu ya Mama ilianza saa tisa alasiri siku za kazi, na Jumamosi saa kumi na moja jioni. Akanitazama mimi. Nikahesabu jioni zangu. Jumatatu na Jumanne darasa. Jumatano na Alhamisi mdahalo. Ijumaa… Ijumaa sikuwa na kitu. Ijumaa nilibaki maktaba kwa sababu kule kulikuwa na utulivu.

Balozi akafunga kifuniko cha thamosi.

Mama akanyanyuka, akaenda kwenye simu ya ukutani, akapiga kazini. Tulimsikia akitaja jina lake lote, polepole, kisha akasema leo haji, atakula na mwanawe. Upande wa pili wakaongea kwa muda mrefu. Sisi benchini tukajifanya tunatazama magari.