Mzee Elimringi Sumari na Mashuka Meupe ya Nairobi

Mzee Elimringi Sumari, fundi rangi mkuu wa Karakana ya Themi hapa Arusha, anaweka brashi chini leo Ijumaa, tarehe 31 Machi 1950, baada ya miaka ishirini na sita na mwezi mmoja kazini. Katika muda huo wote amekosa kazi siku nne. Tatu alikuwa na msiba. Ya nne aliumwa malaria, na jioni yake alikuja akitetemeka ndani ya koti, kuangalia kama tumeosha brashi. Tulikuwa hatujaosha.

Wasifu huu ulipaswa kuandikwa na karani wetu Philemoni, mwenye mwandiko mzuri na Kiswahili cha misheni. Nilimwomba aniachie mimi, Simel wa Sokon. Alicheka, akaniuliza darasa la nne limeanza lini kutoa waandishi. Nikamjibu, tangu nilipotoka mimi. Mwishowe alikubali, akisema atanyoosha herufi lakini maneno hatayagusa. Kwa hiyo mkikuta herufi imepinda, mlaumuni Philemoni. Mengine yote ni yangu, na mtaona kwamba sina sababu ya kujivunia, ingawa mnajua kujivuna ni chakula changu.

Mzee Elimringi alizaliwa mlimani, kwenye migomba na kahawa ya baba yake, akashuka mjini mwaka 1924 kutafuta kazi yoyote. Alipewa kazi ya kukoroga chokaa. Baada ya miaka miwili alikuwa anakoroga rangi, na baada ya mitano hakuna aliyethubutu kukoroga yeye akiwepo. Reli ilipofika Arusha, mikono yake ilipaka milango ya stesheni. Maduka ya Wahindi, mabati ya makanisa, vibao vya barabara ya Kisongo, vyote vimepita kwake. Mke wa mzungu mmoja alileta kitambaa cha pazia, akataka ukuta wa rangi ileile. Mzee alikiangalia kitambaa mara moja, akamrudishia, akafanya kazi siku mbili bila kukiangalia tena. Pazia lilipotundikwa halikuonekana lilipoanzia. Mama wa watu alilalamika kwamba sasa pazia limepotea.

Sisi vijana alitufundisha bila kupaza sauti. Ukiharibu, alichukua msasa, akausugua ukuta wako mpaka ukawa mtupu, akakukabidhi brashi. Ukuta wangu wa kwanza aliusugua mara saba. Reginald, fundi mwenzangu kutoka Kilimanjaro, anasema ni mara tisa, lakini Reginald hana hesabu nzuri isipokuwa ya makosa ya wenzake.

Sasa nifike Nairobi, maana ndiko ninakotaka kufika tangu mstari wa kwanza.

Agosti 1948 kampuni ya rangi ya Nairobi ilialika mafundi sita wa karakana yetu wakaone rangi mpya ya mafuta. Tulikwenda kwa lori, tukapitia Namanga, tukafika tumekuwa wekundu kwa vumbi kama matofali. Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi, tukapelekwa kwenye jumba kubwa la picha za kuchora. Waafrika waliingia Alhamisi mchana tu, tena kwa kundi lenye kiongozi. Tukaunganishwa na walimu wa shule kumi na wawili kutoka Machakos, wenye tai na daftari. Sisi tulikuwa na mashati yetu ya kazi. Kiongozi alikuwa mama wa kizungu, mrefu, mpole. Alituambia tufunge mikono nyuma na tusiguse kitu. Akatuhesabia vyumba: vinne. Akasema chumba cha mwisho kina picha ambayo watu hutoka mbali kuja kuitazama, mwanamke anaanika mashuka juani.

Mzee Elimringi aliposikia mashuka alivua kofia.

Mimi nilijua sababu. Usharika wake wa mlimani ulikuwa umemwomba apake ukuta wa nyuma ya madhabahu, Bwana Yesu amefufuka, amevaa nguo nyeupe. Mlima alishauweza, mawingu na nyasi pia. Nguo ilimshinda. Kila alipoijaribu kwenye ubao, ilionekana chokaa. Aliniambia ndani ya lori, huku tunarushwa: "Simel, ukuta naupaka weupe. Nguo siiwezi. Kuna kitu wanafanya, sikijui." Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na alinieleza hivyo mimi niliyekuwa na ishirini.

Basi tukatembea. Chumba cha kwanza, wazungu wenye ndevu. Chumba cha pili, farasi. Walimu wakaandika. Mzee alikwenda mbele, karibu na yule mama, anapitisha macho haraka kama mtu anayepita sokoni akijua anachokwenda kununua. Chumba cha tatu kulikuwa na picha ya ziwa. Lilikuwa linang'aa kabisa, utafikiri limepakwa asubuhi ile.

"Hii mbichi," akaninong'oneza Reginald.

"Haiwezi kuwa mbichi. Nani anaonyesha watu kazi mbichi?"

"Wewe si ndiye fundi? Tuambie basi."

Mafundi wenzangu mnajua tunavyopima rangi kama imekauka. Mzee alitufundisha sote: mgongo wa kidole, taratibu, tena pembeni. Mimi nilitaka Reginald aone vizuri, na walimu waone pia. Nikaweka dole gumba katikati ya ziwa, nikakandamiza.

Ilikuwa imekauka, pengine kabla babu yangu hajazaliwa. Kipande cha rangi, kidogo kama punje ya ulezi, kilibanduka kikaanguka chini. Askari wa jumba akapiga kelele. Yule mama akarudi mbio, uso umemwiva.

"Nani amegusa?"

Walimu walisogea hatua moja mbali na sisi, kwa pamoja, kama waliofanya mazoezi.

Hapo lazima niwaeleze hali yangu kazini. Nilikuwa na barua mbili za onyo. Ya kwanza nilibishana na mteja. Ya pili ilihusu mbwa wa bwana meneja na rangi ya kijani, na sitaki kuirudia. Barua ya tatu ni kufukuzwa, na kila mtu alilijua hilo. Mzee Elimringi hakuwa na hata moja.

Alikuwa ameshafika kwenye mlango wa chumba cha nne. Kwa pale aliposimama, nadhani aliona ukingo wa fremu, basi. Akageuka, akarudi. Hakunitazama usoni, alinitazama mkono.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nisamehe. Ni mazoea ya kazi."

Yule mama alijua si kweli, kwa sababu Mzee alikuwa karibu naye muda wote. Lakini askari alitaka mtu, na mtu amepatikana. Wakamtoa. Alipopita kando yangu alisema chini chini, "Nyamaza. Wewe hii ni ya tatu."

Nikanyamaza. Naandika hivi na masikio yanawaka. Mimi mwenye mdomo mrefu kuliko wote Arusha, mimi ninayejibu kabla sijaulizwa, siku ile moja niliyotakiwa kusema neno moja tu, nilinyamaza. Nikaingia chumba cha nne na wengine.

Nikayaona mashuka. Niliyaona vizuri kuliko nilivyowahi kuona kitu chochote. Kundi lilitoka, mimi nimebaki, yule mama akaniita mara mbili. Nilielewa jinsi ilivyofanywa, na nilifurahi. Mnisamehe, nilifurahi.

Nje, Mzee alikuwa ameketi kwenye ngazi za jumba, kofia juu ya goti. Nilijiandaa kwa maneno makali. Nilikuwa na majibu tayari.

"Umeyaona?" akaniuliza.

"Nimeyaona."

"Weupe wameupataje?"

Nikasema, "Nyeupe tupu, Mzee. Mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine, mizito."

"Mikono mitatu," akarudia, akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeweka kitu mahali pake. Hakuuliza tena. Alinijua kuwa mjivuni, lakini kwenye kazi sikuwahi kumwambia uongo.

Kwa nini nilimdanganya? Nimejiuliza mwaka na nusu. Jibu ninalo, nalo ni baya: kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho Elimringi Sumari hana.

Barua ya onyo ilikuja kwa jina lake mwezi uliofuata. Aliikunja, akaiweka mfukoni, akaendelea kukoroga rangi. Na kabla ya Pasaka ya mwaka jana alipanda ngazi kanisani kwake, akaipaka nguo ya Bwana Yesu nyeupe tupu, mikono mitatu, mizito. Siku ya Pasaka pazia lililoficha ukuta likaondolewa. Wazee wa kanisa walisema ahsante. Watoto, ambao hawajui adabu, waliuliza kwa nini Yesu amevaa ukuta.

Mwezi uleule mimi nilipewa kibao cha sabuni, kile kikubwa kilicho karibu na soko, cha dobi aliyeshika shati. Mnakijua, mji mzima unakijua. Watu walisimama kulishangaa lile shati. Bwana meneja alinipa mkono, akanipandisha kuwa fundi wa vibao. Sikumwambia mtu nilikojifunzia. Siku moja nilimkuta Mzee amesimama chini ya kibao hicho. Alikaa pale muda mrefu, uso juu. Nilidhani ataniuliza. Aliniambia, "Simel, umekuwa fundi," akaenda zake.

Sijui kama alijua. Najua kwamba neno nililolitamani tangu nianze kazi nililipata siku ile, na nikashindwa kula.

Mwezi huu nilipanda mlimani kumpelekea Mzee mwaliko wa sherehe hii. Hakuwepo. Mkewe, Mama Eunike, alinipa ndizi na maziwa, tukaongea. Akaniambia kwamba tangu Pasaka ile Mzee hakai tena mbele kanisani. Anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na wakati wa sala anaangalia chini kabla wengine hawajainamisha vichwa. "Nilimwambia apake upya," alisema mama. "Ananijibu kwamba alishaambiwa na aliyeona, kwa hiyo kasoro ni ya mkono wake."

Ndipo nilipokwenda kumsumbua Philemoni aniachie wasifu huu.

Bwana meneja, barua ile ya onyo ni yangu. Nakuomba uiondoe kwenye faili la Mzee Elimringi leo, ili aondoke na faili safi alilolifanyia kazi miaka yote. Uiweke kwangu, ikiwa ya tatu, na ufanye inavyotakiwa.

Na wewe Mzee, shikamoo. Nilikudanganya. Nguo yako haikuharibiwa na mkono wako, iliharibiwa na mdomo wangu. Kwenye mashuka yale nyeupe karibu haikuwepo. Upande wa kivuli yalikuwa buluu, kama moshi unaopenya kwenye paa la nyasi asubuhi. Kwenye mikunjo palikuwa na kijivu chenye zambarau ndani yake. Pale jua linapopiga palikuwa na manjano hafifu, rangi ya samli. Nyeupe yenyewe iliwekwa sehemu moja tu, kwenye pindo, ndogo kama ukucha wa mtoto, na ndiyo iliyofanya macho yaone weupe kila mahali. Nilikuwa nalo hili mfukoni tangu ngazi zile za Nairobi. Lilikuwa lako.

Juzi nilikwenda Kimandolu kwa Mama Aikande, jirani yenu wa zamani, kuomba jani la isale. Najua desturi yenu, kwamba ukimpelekea jani hilo mtu uliyemkosea, hawezi kukataa kusamehe. Alinikatia moja zuri. Nilitembea nalo mpaka darajani, nikageuka nikamrudishia. Nilishakufanyia mambo bila kukupa nafasi ya kuchagua. Hili uchague.

Karakana nzima inakushukuru kwa kila ukuta, na kwa kila ukuta wetu ulioufuta. Nenda ukapumzike, kahawa yako izae, macho yako yabaki makali, Mama Eunike akuone mchana sasa na si jioni tu. Pasaka ni tarehe tisa. Jumatatu hii, tarehe tatu, saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni pa kanisa lako na ngazi ndefu na makopo ya buluu, kijivu na manjano. Usipotaka niingie, niambie tu niiache ngazi.