Mbaluka Mulei, Aliyemwita Binti Yake Mama

Historia hii ilisimuliwa kwanza na marehemu mwenyewe, kwa dada yetu Kanini, Jumapili tarehe 27 Aprili 2025, akiwa kitandani nyumbani kwake hapa Nzeluni na sauti ikiwa karibu kumwisha, na Kanini akanipa mimi Muthama, mdogo wao, niiandike bila kuongeza wala kupunguza.

Marehemu Mbaluka Mulei alizaliwa tarehe 14 Juni 1970 hapa Nzeluni, Kitui, akiwa mtoto wa kwanza wa hayati Mulei Ngui na hayati Kalunde Mulei. Alianza shule ya msingi ya hapa nyumbani mwaka wa 1978, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1985, akajiunga na sekondari Mwingi Februari 1986, na akaondoka akiwa kidato cha pili mwezi wa Julai 1987, wiki ile baba alipozikwa, ili Kanini na mimi tubaki shuleni. Hakurudi tena, na sweta yake ya shule ndiyo niliyovaa mimi hadi nikamaliza kidato cha nne.

Kuanzia mwaka wa 1988 alifanya kazi katika soko la mbuzi la Mwingi, kwanza akipakia mifugo kwenye malori, baadaye akiwa dalali, na huko ndiko alikojifunza Kisomali kutoka kwa Bwana Adan Mowlid, mfanyabiashara wa mifugo, ambaye alikuwa naye pamoja kwa zaidi ya miaka thelathini wakitaniana kila siku bila kukosana.

Tarehe 17 Agosti 1996 alifunga ndoa na Kavindu kanisani kwao Kibwezi, Makueni, baada ya kupeleka mbuzi wa ntheo, wale ambao bila wao sisi Wakamba hatuhesabu kwamba mtu ameoa, na wazee wa kule waliwakagua meno mmoja mmoja, wakisema wazi kwamba mkwe akiwa dalali, ni lazima macho yafunguliwe.

Walijaliwa watoto wawili, Kalunde, aliyezaliwa tarehe 11 Februari 2001, na Mulei, aliyezaliwa mwaka wa 2005. Kalunde alipewa jina la mama yetu, na kwetu mtoto akibeba jina la mama yako amekuwa mama yako, kumwita kwa jina tupu ni utovu wa heshima, kwa hivyo marehemu alimwita "mwaitu" tangu alipomshika mara ya kwanza, na akiongea Kiswahili alisema "mama", na hakuna mtu Nzeluni wala Mwingi aliyewahi kushangaa.

Kalunde alifaulu sekondari, akahitimu digrii ya elimu ya maji Desemba 2023, na mwaka uliofuata chuo kimoja cha Uholanzi kikamkubali aende kusomea maji ya chini ya ardhi, lakini bila ufadhili. Aliandikia mashirika mengi, mengine hayakujibu, mengine yalijibu kwa mstari mmoja, na shirika moja lenye ofisi Nairobi likamfikisha hatua ya mwisho, ambayo ilikuwa kumpigia mzazi simu kuthibitisha habari za mwombaji, na liliagiza kwamba mzazi asifundishwe majibu. Kalunde alitii, akamwambia baba yake tu kwamba simu itapigwa.

Ilipigwa Jumatano tarehe 15 Mei 2024, siku ya soko, marehemu akiwa katikati ya mbuzi. Afisa alimwuliza marehemu, Kalunde Mbaluka ni nani wake, naye akajibu kwa furaha, "Huyo ni mama yangu kabisa." Akaulizwa ana miaka mingapi, akasema ishirini na mitatu. Afisa akauliza, "Mzee, mama yako ana miaka ishirini na mitatu?" naye akasema, "Ndiyo, madam, na ni msomi." Afisa akamwuliza kama anamchezea, marehemu akaapa kwamba hachezi, aulize mtu yeyote hapo sokoni, na Bwana Adan, aliyekuwa karibu, alicheka hadi akashika ukuta. Tarehe 3 Juni shirika liliandika kwamba maelezo ya mzazi hayakulingana na ya mwombaji, na kwamba ombi limefungwa.

Sijui nieleze vipi mwaka uliofuata. Marehemu alikwenda Nairobi na barua ya chifu, cheti cha kuzaliwa na kadi ya ubatizo, akarudishwa kutoka getini, akaenda tena, akapanga foleni na watu wasio na shida yake, hadi siku ya nne akakubaliwa kuingia na kuambiwa kwa upole kwamba Kalunde anaweza kuomba upya. Chuo nacho kilikubali kumwekea nafasi mwaka mmoja tu. Kutoka hapo kaka yetu alianza kujizoeza kusema neno ambalo ulimi wake haukuwahi kulisema. Mama Nadifa, mkewe Bwana Adan, alikuwa akimsimamisha kila asubuhi mlangoni pa duka lake na kumwuliza, "Mbaluka, Kalunde ni nani wako?" na hakuruhusiwa kupita hadi ajibu "binti yangu", na vijana wa malori wakimwambia, "Mzee, leo umemkana mama tena," naye hakucheka nao. Siku alipomwita "Kalunde" mezani, msichana aliacha chakula akatoka nje, na baba yake akamfuata kumwomba msamaha.

Septemba 2024 chakula kilianza kumkwama kooni, na Januari 2025 madaktari wakasema ni saratani ya umio. Kalunde alikuwa ameomba upya, na simu ya pili ilipigwa tarehe 12 Machi, akiwa wodini, na muuguzi alimshikia simu mdomoni. Alisema, "Kalunde ni binti yangu, mimi ndiye nilimzaa," akarudia mara nyingine ili isije ikasemwa hakusikika, kisha akamgeukia Kalunde na kumwambia kwa Kikamba, mwaitu, nisamehe.

Tarehe 22 Aprili shirika liliandika kwamba majibu ya mzazi yalikuwa sahihi, ila mpango huo wa ufadhili umefungwa, na hautachukua mwanafunzi yeyote. Kalunde alimsomea baba yake mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu. Baba yake aliuliza kama kuna namba nyingine ya kupiga. Aliuliza hivyo kila siku hadi Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, alipofariki asubuhi, simu ikiwa chini ya mto wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochota maji na kupika bila kuitwa, wenzake wa soko la Mwingi waliofunga biashara leo, na kanisa lililokesha nasi. Pumzika sasa, Mbaluka mwana wa Kalunde, kwa amani ambayo mwaka huu mmoja ulikunyima.

Katika waliotajwa hapa, baba na mama yetu walishatangulia. Mjane Kavindu yuko hai, Mulei, Kanini na mimi tuko hai, Bwana Adan na Mama Nadifa wako hai na wako nasi hapa. Wale maafisa wa simu hatuwajui majina. Kalunde yuko hai, ameketi mstari wa mbele karibu na mama yake, nafasi yake chuoni inafungwa tarehe 1 Agosti, na mtu yeyote hapa anayejua shirika lolote, la nchi yoyote, tunamwomba asiondoke kabla ya kumwona.