Mama Pasi Hataki Kuambiwa Akapumzike

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, msimamizi wa chumba cha pasi katika kiwanda chetu cha kufulia anastaafu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku ishirini na nne. Jina lake kamili liko kwenye cheti atakachokabidhiwa. Sisi tunamjua kama Mama Pasi, na hata wanawe wakipiga simu ofisini humwulizia hivyohivyo.

Alianza Alhamisi, 4 Februari 1993, akinyoosha foronya. Mwaka wa tatu akahamia mashati, wa tisa akakabidhiwa chumba kizima. Aliyefundishwa naye hasahau: kola kwanza, kisha mabega, mikono, na mwili mwisho. Ukianzia mgongoni alikuuliza, "Mwanangu, hilo ni shati au ramani ya mito?" Alikuwa na sikio pia. Akiwa chumba cha pili, alijua ni pasi ipi inayovuja mvuke.

Sikio hilo ndilo lililotuokoa. Mapema mwaka 2022 kifua kikuu kilituingilia, nasi tukanyamaza. Wakati huo, mtu asipofika kazini kwa zaidi ya siku kumi, nafasi yake ilipewa mwingine. Kwa lugha yetu ya hapa, "amepumzishwa". Basi tukajifunza kukohoa kwa hesabu: mashine kubwa ikitoa mvuke, fyuuu, nasi tunakohoa humohumo. Jumatatu, 14 Machi, Mama Pasi, aliyekwisha kuvisikia vikohozi vyetu ndani ya mvuke, aliizima mashine katikati ya kazi. Chumba kikawa kimya. Akakohoa yeye wa kwanza, kwenye kitambaa chake, kisha akasema, "Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Na kikohozi chenyewe je?" Tulicheka, na kwa kucheka tukakohoa wote.

Mchana huo aliingia kwa meneja, akatoka baada ya saa moja na nusu. Alimwambia kwamba pasi ikiungua waya hupelekwa kwa fundi, na ikipona hurudi mezani pake. Kwa nini mtu asitendewe hivyo? Meneja alikubali. Mgonjwa atatibiwa, atarudi daktari akimruhusu, na nafasi yake itamsubiri. Tukapimwa wote. Watu saba walikutwa na kifua kikuu, Mama Pasi akiwa mmojawapo. Sita walirudi kazini.

Wa saba ni mkunjaji wa mashuka tuliyemwita Bi Mikunjo, shoga wa Mama Pasi. Kwa miaka kumi na tisa walikuja kazini wakitembea pamoja. Siku ya majibu, kabla makubaliano ya meneja hayajatangazwa, Mama Pasi alimkimbilia uani na habari njema kwamba nafasi zao zitawasubiri. Kwa furaha akateleza ulimi: "Shoga, mimi na wewe tunapumzishwa, tukatibiwe." Mwenzake, aliyekuwa akilea wajukuu wawili peke yake, alisikia neno moja tu. Alivua aproni, akaikunja pande nne, akaiweka juu ya ndoo na kuondoka. Mama Pasi alidhani ametangulia kliniki. Jioni alipofika kwa shoga yake, mwenye nyumba alimwambia amehama na wajukuu, akatafute kazi kwingine kabla habari hazijamfuata.

Mwezi Agosti muuguzi wa kliniki alimnong'oneza Mama Pasi kwamba shoga yake anachukua dawa kliniki nyingine, mbali. Zaidi ya hapo hakuruhusiwa kusema.

Tangu hapo Mama Pasi halitamki tena neno lile. Akitumwa kumwambia mtu apumzike, husema, "Kapone, urudi." Asubuhi bado hutembea upande mmoja wa njia, kana kwamba anamwachia mtu nafasi.

Kamati ya kumwaga ilipomwuliza anataka zawadi gani, hakutaka saa ya ukutani. Aliomba barua. Meneja ameiandika na kuipiga muhuri: Bi Mikunjo hakuachishwa kazi, na nafasi yake ipo. Kuanzia Jumatatu, 1 Julai, Mama Pasi ataipeleka mwenyewe, akipita kiwanda kimoja cha kufulia baada ya kingine.

Mama Pasi, ahsante kwa kola zetu na kwa vifua vyetu. Hatuthubutu kukutakia mapumziko mema. Tunakutakia miguu isiyochoka, na mlango utakaoubishia hodi ufunguliwe na mtu mwenye mikono inayonukia sabuni, akutazame, akwambie: shoga, umechelewa.